Tuutunze Mkanda wa Mashine

Mashine ya kusaga au ya kukoboa huwa mali ya mtu mmoja, lakini chakula cha nyumba nyingi hupita humo. Mkanda ukikatika, akina mama hubeba mpunga wao vichwani hadi kijiji cha pili, na mwenye mashine hutoa fedha aliyoiweka kwa mahitaji ya watoto ili anunue mkanda mpya. Baada ya muda mfupi nao hukatika. Hapo watu husema, “Mikanda ya siku hizi haifai.” Huenda mingine haifai kweli, lakini mara nyingi kosa si la mkanda, ni la mahali ulipovalishwa.

Yafaa kwanza tujue jinsi ufanyavyo kazi. Zamani mashine ziliendeshwa kwa mikanda bapa ya ngozi. Mwaka 1917 John Gates, wa Denver huko Marekani, alitengeneza mkanda wa mpira na nguo wenye umbo la herufi V. Aina hiyo ndiyo tuionayo leo kwenye mashine za kusaga, za kukoboa, na hata za kukatakata matawi na majani ya ng’ombe. Mkanda huu haushiki puli kwa tumbo lake. Hushika kwa mbavu zake mbili, kama kabari iliyopigwa katika ufa wa gogo. Ukiteleza hupata moto, mpira hukauka, hupasuka, kisha hukatika. Mafundi hukadiria kwamba joto la mkanda likizidi kwa nyuzi 10 tu, umri wake hupungua karibu nusu. Basi kazi yetu kubwa ni kuuzuia usiteleze. Kabla ya kugusa chochote, zima swichi kuu au injini, ungoje mpaka kila kitu kisimame.

Kwanza, tazama puli. Sisi wa Mbweni tunakaa ufukweni, kusini ya mji wa Zanzibar, nasi twajua upepo wa chumvi ulavyo mabati. Puli ya chuma hupata kutu vivyo hivyo, hasa mashine ikikaa bila kazi wakati wa masika. Kutu ndani ya mfereji wa puli ni kama tupa: kila mzunguko huzikwangua mbavu za mkanda. Isugue kwa brashi ya waya, kisha uipanguse kwa kitambaa kikavu. Halafu weka mkanda mpya mferejini. Mgongo wake uwe sawa na ukingo wa puli, au uzidi kidogo. Ukizama, na chini ya mfereji pakang’aa, ujue kuta zimelika. Puli hiyo itakula kila mkanda utakaonunua, afadhali uibadili.

Pili, puli zikae katika mstari mmoja. Chukua uzi, uukaze kupita usoni mwa puli zote mbili. Kama kingo zake zina unene sawa, uzi uguse kila puli mahali pawili. Ukiona nafasi, sogeza mota mpaka nafasi iishe.

Tatu, kukaza. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kama nafasi ya kati ni mita 1, ushuke kadiri ya milimita 16. Kama ni nusu mita, milimita 8. Ukilegea huteleza na kupiga kelele. Ukikazwa kupita kiasi huharibu beringi, nazo ni ghali kuliko mkanda. Tena, mkanda mpya hunyooka. Upime baada ya nusu saa ya kazi, na mara nyingine baada ya siku moja. Wengi husahau jambo hili, na mkanda wao hufa ungali mpya.

Nne, kuvalisha. Legeza bolti za mota, uisogeze, kisha uvalishe kwa mkono. Anayeulazimisha kwa bisibisi hukata nyuzi za ndani asizoziona. Mashine ikiwa na mikanda miwili au mitatu, badili yote pamoja. La sivyo ule mpya, ambao haujanyooka, utabeba mzigo wa wenzake. Dukani soma alama za mgongoni: B 68 maana yake mkanda wa upana wa milimita 17 na urefu wa ndani wa inchi 68. Usikubali uliokaribiana nao.

Tano, usiupake sabuni, grisi wala lami. Kelele hunyamaza kwa muda, lakini mafuta hulainisha mpira na kuuozesha.

Sita, washa mashine ikiwa tupu, ishike mwendo, ndipo uitie chakula kidogo kidogo.

Usiache mkanda bila kinga. Kinga ya wavu hupitisha hewa ya kuupoza, tena huzuia kanga ya mama na mkono wa mtoto visinaswe. Mkanda wa akiba utundike mahali pakavu, mbali na jua na mafuta, juu ya kigingi kipana, si juu ya msumari.

Mimi ni karani, nami nasadiki daftari. Andika tarehe ya kuvalisha kila mkanda. Siku utakapokatika usiutupe upesi, bali uutazame. Mbavu zikiwa zinang’aa kama kioo, uliteleza. Ukiwa umelika upande mmoja, puli hazikuwa sawa. Tumbo likiwa limepasuka-pasuka, joto liliuzidi. Andika hayo pia, kisha urekebishe kosa hilo kabla ya kuvalisha mwingine.