Kwa Nini Gari Jipya la Dizeli Linaweza Kula Mafuta Zaidi?



Sisi wa Mkwajuni tunajua kwamba bei ya dizeli huingia katika nauli na katika gharama ya kila gunia tunalopeleka Mbalizi. Basi dereva akisema, "Pikapu yangu mpya inakula mafuta kuliko ile ya zamani," je, ameuziwa gari bovu? Si lazima.

Injini ya dizeli huunguza mafuta katika hewa iliyobanwa mpaka ikawa na joto kali. Joto hilo huleta nguvu, lakini huleta pia gesi za sumu. Tena moshi hubeba masizi. Tangu mwaka 1992 nchi za Ulaya zimekuwa zikikaza masharti ya moshi wa magari. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu.

Ndipo watengenezaji wakabadili injini:

1. Sehemu ya moshi hurudishwa ndani ya injini ili kupunguza joto.

2. Mafuta hupulizwa yakiwa yamechelewa kidogo. Gesi za sumu hupungua, lakini nguvu ya kila lita nayo hupungua.

3. Chujio hunasa masizi kwenye bomba la moshi. Likijaa, dizeli ya ziada hutumika kuyaunguza.

Tena magari mengi mapya ni mazito, na yana kiyoyozi.

Baadhi ya magari husafisha moshi kwa maji maalumu ya urea, na hayo huweza kubana mafuta vizuri. Lakini jamani, tusitie mbolea ya shambani! Ina uchafu, itaharibu mtambo.

Si kila gari jipya lina ulafi. Basi tusibishane, tupime. Jaza tangi, andika namba ya kilomita. Fanya safari zako, kisha jaza tena. Gawa kilomita ulizokwenda kwa lita ulizoongeza. Kwa mfano, kilomita 360 kwa lita 40 ni kilomita 9 kwa kila lita. Linganisha magari yenye mzigo sawa na barabara ile ile.

Fundi akikushauri ung'oe chujio ili upunguze mafuta, fikiri kwanza. Dizeli utakayookoa italipiwa na mapafu ya watoto wetu kando ya barabara. Hesabu tunaijua, tuitumie.