Kwa Nini Vijidudu Huishinda Dawa

Watu wengi hudhani kwamba mtu akimeza dawa, mambo yote ni kati ya dawa na mwili wake. Sivyo. Mwilini mna vijidudu vilivyo hai, navyo vyaweza kuishinda dawa. Nataka kuwaeleza wenzangu habari ya vijidudu vya malaria, kwa sababu sisi wa Busia na Tororo twaijua homa hii tangu utotoni.

Kijidudu cha malaria huingia katika chembe nyekundu ya damu kikala wekundu wake. Chakula hicho huacha taka yenye sumu, nacho huigeuza isikidhuru. Klorokwini ilikizuia kuigeuza taka hiyo, kikafa kwa sumu ya chakula chake chenyewe. Lakini vikatokea vijidudu vilivyobadilika kidogo, vyenye uwezo wa kuitoa dawa nje. Vile dhaifu vikafa, vyenye nguvu vikabaki na kuzaana, na mbu wakavieneza. Mbu haulizwi pasipoti pale Busia wala Malaba.

Mwaka 1998 Kenya iliacha klorokwini ikashika dawa ya salfa. Nayo ikashindwa vile vile. Mwaka 2004 Kenya na Uganda zote zikachagua dawa ya mseto. Ajabu ni kwamba klorokwini ilipoachwa, vijidudu vinavyouawa nayo vilianza kurudi. Uchunguzi uliofanywa Tororo umeonyesha hivyo.

Dawa ya mseto ni dawa mbili pamoja. Moja huua vijidudu vingi upesi, lakini haikai mwilini. Ya pili hukaa siku kadhaa ikimaliza vilivyosalia. Ndiyo maana mtu mzima hupewa vidonge 24, avimeze kwa mafungu sita katika siku 3. Lakini wengi wakipata nafuu siku ya kwanza, huweka vidonge vilivyobaki kwa homa nyingine, au humgawia jirani. Ugonjwa waweza kurudi, na vijidudu vyenye nguvu hupata nafasi. Hatari hii si ndoto: mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda kuna vijidudu vinavyochelewa kufa kwa dawa ya jamii hii.

Basi, wenzangu, tukipimwa na kupewa dawa, tuimalize, na nyumbani tuwaambie wazazi na wadogo zetu wafanye vivyo hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.