Barafu ya Kitulo Huanzia Chini

Mwezi wa Julai, Mbeya mjini watu huamkia makoti mazito na kofia za sufu, lakini hutamkuta dereva wa daladala akikwangua barafu kwenye kioo. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa karibu 1,600. Baridi inauma, ila maji hayagandi barabarani. Sasa shika barabara ya Tukuyu, ukifika Isyonje kata kushoto kuelekea Kitulo. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi, na uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 na zaidi. Huko, kati ya Juni na Agosti, kuna asubuhi ambazo majani hukutwa meupe kwa sakitu na hukatika yakikanyagwa.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba sakitu hutokea hata kipimajoto kikisoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Kipimajoto hakidanganyi, ila kinapima pengine. Vile vya vituo vya hali ya hewa hukaa kwenye kisanduku cheupe, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Usiku wa kipupwe usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake moja kwa moja kwenda angani. Mawingu yangekuwepo yangerudisha sehemu ya joto hilo, na upepo ungechanganya hewa ya juu iliyo vuguvugu na ya chini iliyopoa. Vyote viwili vikikosekana, jani lililo karibu na udongo linaweza kuwa na baridi kuliko hewa ya kisandukuni kwa nyuzi kadhaa. Mvuke ulioko hewani unaganda hapo hapo juu yake.

Miji ya theluji iliijua siri hii kwa gharama kubwa. Minneapolis, Marekani, wanakoishi Wasomali na Wakenya wengi, theluji ikizidi jiji hutangaza hali ya dharura na magari huondolewa barabarani kwa zamu: barabara kuu kwanza usiku, kesho yake upande wa nyumba zenye namba shufwa, kisha upande wa witiri, ili malori yenye majembe ya chuma yapite. Lakini kazi iliyo bora zaidi hufanyika kabla theluji haijaanguka. Mafundi wa barabara za huko hawategemei joto la hewa peke yake. Wana vihisio vinavyopima joto la lami yenyewe. Wakiona inakaribia sifuri, hunyunyizia maji ya chumvi ili barafu isipate kushikamana na lami. Maji yenye chumvi asilimia 23 hayagandi mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri, ingawa barabarani, lami ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi hivi, chumvi ya kawaida huyeyusha polepole mno na watu hugeukia mchanga ili matairi yasiteleze. Madaraja hutangulia kuganda kwa sababu baridi huyapitia juu na chini.

Sipendekezi chumvi Kitulo hata kidogo. Chumvi hula nondo za madaraja na kuharibu udongo, na vijito vya uwanda ule vinaulisha Mto Ruaha Mkuu. Kinachofaa kuchukuliwa ni ile tabia ya kupima chini, mapema.

Anayeihitaji zaidi ni mkulima. Hewa baridi ni nzito, hivyo usiku huteremka mlimani na kutuama mabondeni, kule kule kwenye vinyungu vya Iringa, Mufindi na Njombe, ambako watu hulima kiangazi kwa sababu ya unyevu. Jani la kiazi likipatwa, asubuhi huonekana limelowa na kufifia kama lililochovywa kwenye maji ya moto. Jua likipanda linakuwa jeusi. Barafu huota kati ya chembe hai za jani, ikazinyonya maji mpaka zikasinyaa na kufa. Kiazi hakistahimili sana: nyuzi 2 chini ya sifuri zinatosha kulimaliza shamba. Wala si sisi pekee. Januari 2012 sakitu iliunguza chai ya Kericho na Nandi, Kenya.

Kinga zipo na hazihitaji fedha nyingi. Ua wa miti ulioziba chini ya shamba huzuia hewa baridi isitoke, kwa hiyo uachiwe mwanya upande wa bondeni. Ule wa juu ndio uwe mnene. Udongo uliomwagiliwa mchana hutunza joto kuliko mkavu, na huliachia usiku. Viazi vipandwe mteremkoni kidogo, kitako cha bonde kiachiwe majani ya ng'ombe.

Lakini yote hayo yanataka mtu ajue ni bonde lipi linaloganda na ni usiku gani. Maofisa ugani wa Makete, Mufindi na Mbeya Vijijini, wekeni vipimajoto usawa wa majani, mabondeni na mteremkoni, kabla Juni haijaingia, na kila asubuhi wasomeeni wakulima kilichoandikwa.