Shule ya Mtoto Mwenye Mzio wa Chakula

Mzazi anayemtafutia shule mtoto mwenye mzio wa chakula huwa na swali moja zaidi ya wazazi wenzake, nalo ni nini kitafanyika katika dakika chache za mwanzo iwapo mtoto huyo atameza kile ambacho mwili wake haukikubali. Swali hilo haliwezi kujibiwa na ukubwa wa ada wala uzuri wa majengo, kwa kuwa jibu lake limo jikoni, katika kabati la dawa na katika mafunzo ya wafanyakazi.

Mzio, ambao wengi huuita aleji, hutokea pale mfumo wa kinga unapoichukulia protini isiyo na madhara, kama ile ya karanga, yai, samaki au maziwa ya ng'ombe, kuwa ni adui, na kutengeneza dhidi yake kingamwili za aina ya IgE. Kingamwili hizo hunata juu ya seli za masti, ambazo zimetapakaa ngozini, tumboni na katika njia za hewa, na protini ileile inapoingia tena, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine zinazosababisha vipele, uvimbe wa midomo, kutapika na kukohoa. Mmenyuko ukizidi, njia za hewa hubana na shinikizo la damu hushuka, hali ambayo huitwa anafilaksisi na ambayo inaweza kuua. Haifai kuuchanganya mzio na tatizo la kushindwa kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambalo huleta gesi na kuhara tu. Mzazi anayeliandika tatizo hilo katika fomu ya shule kuwa ni mzio huwazoesha walimu kuuona mzio kuwa jambo dogo, na gharama ya mazoea hayo hulipwa na mtoto wa mtu mwingine.

Kwa shule za Afrika Mashariki, chakula kinachostahili kuchunguzwa kwanza ni uji wa lishe, kwani unga wake mara nyingi huchanganya nafaka na soya na karanga, pengine hata dagaa, na vyote vikishasagwa pamoja hakuna jicho linaloweza kuvitenganisha. Hata unga usiotiwa karanga unaweza kuwa umepitia mashine iliyotoka kusaga karanga, au uji wake ukakorogwa kwa mwiko uliotoka kwenye mchicha wa karanga. Kukaanga wala kuchemsha hakuifanyi protini ya karanga kuwa salama kwa mwenye mzio, na jeli ya kutakasa mikono, ingawa huua vijidudu, haiiondoi protini hiyo kama yanavyofanya maji na sabuni. Kwa hiyo mpishi anayejua unga ulisagwa wapi ana thamani kuliko tangazo lolote lililobandikwa ukutani, bila kusahau kwamba kashata zinazouzwa langoni haziko chini ya mamlaka ya mpishi huyo.

Wazazi wengi huvutiwa na shule inayotangaza kwamba imepiga marufuku karanga, lakini ushahidi wa kisayansi hauungi mkono imani hiyo moja kwa moja. Utafiti uliofanywa katika shule za umma za jimbo la Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017, haukuona kwamba shule zenye marufuku ya jumla zilitumia adrenalini mara chache kuliko nyingine, ijapokuwa zile zilizotenga meza zisizo na karanga zilikuwa na matukio machache zaidi. Marufuku hutegemea utiifu wa kila nyumba, tena inaweza kuwapa walimu utulivu wa uongo.

Tiba ya kwanza ya anafilaksisi ni adrenalini inayochomwa katika msuli wa paja, upande wa nje, kwa kuwa hupandisha shinikizo la damu na kufungua njia za hewa kwa wakati mmoja. Piritoni, ambayo karibu kila kabati la shule huwa nayo, hupunguza muwasho na vipele lakini haizuii koo kubana, na kuitegemea ni kupoteza dakika za thamani. Uingereza iliziruhusu shule kununua kalamu za akiba za adrenalini, yaani sindano zilizokwisha kupimwa dozi, kuanzia Oktoba 1, 2017. Katika Afrika Mashariki kalamu hizo ni adimu na ghali, lakini vichupa vya adrenalini vyenye miligramu 1 kwa mililita 1 ni dawa ya kawaida hospitalini, na dozi yake ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, hivi kwamba mtoto wa kilo 20 huhitaji mililita 0.2. Kipimo kidogo namna hiyo hakiwezi kuachiwa mtu asiyefunzwa, ndiyo maana kuwapo kwa muuguzi, au umbali wa kituo cha afya na gari la kufika huko, ni sehemu ya sifa za shule. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe, au akae iwapo anapumua kwa shida, wala asitembezwe. Kisha apelekwe hospitali hata akipata nafuu, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Kwa shule za bweni, matroni anayelala na watoto ahojiwe sawasawa na mwalimu mkuu. Shule isiyoweza kumtaja kwa jina mtu atakayeichoma sindano hiyo, mchana na usiku, haijawa tayari kumpokea mtoto mwenye mzio mkali, hata iwe ya kwanza katika matokeo ya mitihani.