Mzigo Utuliao na Mzigo Utikisao: Sababu za Majumba Marefu Kusimama au Kuanguka

Majumba ya ghorofa yanazidi kuongezeka katika Kaunti ya Machakos, hasa Mlolongo na Athi River. Mwezi wa Juni 2012, jumba lililokuwa likijengwa Mlolongo liliporomoka. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jumba la wapangaji lilianguka Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50. Kwa hiyo yampasa kila ajengaye, na kila apangaye, kufahamu jinsi jumba libebavyo mzigo.

Mzigo ni wa namna mbili. Wa kwanza ni ule utuliao, yaani uzito wa kuta, sakafu, paa, watu na vyombo vyao. Mwanamke achukuaye mtungi wa maji kichwani hubeba mzigo wa namna hii: uzito hushuka shingoni, mgongoni na miguuni hata ardhini. Kadhalika sakafu hukabidhi uzito wake kwa boriti, boriti kwa nguzo, nguzo kwa msingi, na msingi kwa ardhi. Nguzo za chini hubeba ghorofa zote zilizo juu yake. Ndiyo sababu jumba lililopimwa kwa ghorofa tatu halifai kuongezwa nyingine mbili, hata kama kuta zake zaonekana nzima.

Ardhi nayo ina tabia yake. Udongo mweusi wa tambarare za Athi huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Hapana budi msingi uupite udongo huo mpaka mwamba au udongo mgumu.

Mzigo wa pili ni ule utikisao, yaani upepo na tetemeko. Mwanamke yule akisukumwa ubavuni aweza kuanguka, ingawa mtungi haukuongezwa hata tone. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Tetemeko nalo huvuta msingi ghafula, juu kukabaki nyuma, kisha jumba zima likayumba. Jumba refu huyumba polepole, fupi huyumba upesi. Mtikiso wa ardhi ukilingana na mwendo wa jumba, kuyumba huzidi, kama bembea isukumwayo kwa wakati wake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mexico City tarehe 19 Septemba 1985: majumba ya ghorofa 6 hadi 15 yaliumia kuliko nyumba nyingi fupi. Kenya nayo haikusalimika na matetemeko. Subukia ilitikiswa vikali tarehe 6 Januari 1928, na mwezi wa Julai 2007 watu wa Nairobi walikimbia kutoka maofisini kwa tetemeko lililoanzia kaskazini mwa Tanzania.

Dawa yake yajulikana. Nondo za nguzo na boriti hufungwa kwa pete za chuma zilizokaribiana, ili jumba lipinde kidogo bila kukatika. Kuta za zege huzunguka ngazi na lifti ili kuzuia msukumo wa ubavuni. Mchanga wa mito ya Machakos ni mzuri, lakini ukiwa na matope, au maji yakizidi, zege hudhoofika. Nguvu ya zege hupimwa siku 28 baada ya kumwagwa. Mwenye haraka ya kuondoa miti ya kuegemeza ajihatarisha yeye na mafundi wake.

Mpangaji akiona nguzo imepasuka, sakafu imeinama au milango imeanza kukwama ghafula, na atoke kwanza pamoja na jamaa zake, ndipo akatoe habari kwa maofisa wa ujenzi wa kaunti.