Goti la Baba na Parseli ya Familia

Kama baba yako alitumika miaka mingi katika mugodi, bila shaka unajua namna yake ya kusimama: anashika ukuta, anakunja uso, anangoja kidogo, kisha anaanza kutembea. Kupiga magoti, kuinama, kubeba vizito, hiyo kazi inakula magoti. Na wamama wenye kubeba maji na mifuko ya unga wanajua maumivu hayo pia.

Siku moja niliitwa katika kikao cha familia. Muzee alikuwa amesikia kwamba inje ya inchi wanganga wanatengeneza goti bila kulifungua lote: wanatoboa matundu madogo, wanaingiza kamera nyembamba kama kalamu, wanaosha ndani na kulainisha, na mugonjwa anarudia nyumbani upesi. Watoto walikuwa tayari kuuzisha parseli juu ya safari hiyo. «Pasta, utuombee tu, mununuzi tumekwisha kumupata.» Nikawaambia: tuulize kwanza, ile kazi inasaidia nani?

Inaitwa artroskopia, na haikuanza jana. Mwaka wa 1918, kule Tokyo, munganga Kenji Takagi aliingiza chombo cha kuangalia kibofu ndani ya goti la maiti, akaona ndani. Kidogo kidogo vyombo viliboreshwa, mupaka watu wengi sana wa Marekani wakaoshwa magoti namna hiyo. Wengi walisema: nasikia nafuu. Lakini nafuu ilitoka kwa chombo, ao kwa mapumziko na matumaini?

Munganga Bruce Moseley na wenzake wa Houston, Texas, walitaka kujua. Walichukua wagonjwa 180 wenye magoti yaliyolika, wakawagawa kwa kura katika vikundi vitatu. Wa kwanza walilainishwa ndani ya goti, wa pili walioshwa tu, wa tatu hawakufanyiwa kitu: walikatwa ngozi kidogo, munganga akaomba vyombo vyake, maji yakamwagwa ili isikike kama kazi ya kweli, kisha wakashonwa.

Nilipojua hayo, nilishituka. Ni udanganyifu? Hapana. Kila mugonjwa aliandika mwenyewe, mbele ya yote, kwamba anaweza kupata operesheni ya bure isiyofanya kitu. Watu 144 walikataa, na hakuna aliyewalazimisha.

Matokeo yalitoka mwaka wa 2002. Wagonjwa walifuatwa miaka miwili, na hakuna wakati wenye waliotengenezwa kweli walikuwa na maumivu kidogo kupita wale wa operesheni ya bure. Wengine walibisha sana, kwa sababu feza nyingi ilikuwa inapita hapo. Basi katika Finland walijaribu tena na wagonjwa 146 wenye menisko iliyochanika juu ya uzee wa goti (menisko ni ule mto mudogo kati ya mifupa), bila goti kulika. Mwaka wa 2013 wakaandika: nyuma ya mwaka muzima, hakuna tofauti. Mwaka wa 2017 kamati ya wanganga na wagonjwa, katika gazeti la wanganga la Uingereza, ikashauri kwa nguvu: goti lenye kulika kwa uzee lisifanyiwe hii kazi.

Sasa tufanye nini? Angalia Norway. Kule watu 140 wenye menisko ya namna hiyo waligawanywa: nusu wakapasuliwa, nusu wakafanya mazoezi wiki 12, mara mbili ao tatu kwa wiki. Nyuma ya miaka miwili walikuwa karibu sawasawa, na nyuma ya miezi mitatu wa mazoezi walikuwa na mapaja yenye nguvu kupita wenzao. Ni kweli, wamoja kati yao walipasuliwa baadaye. Mazoezi si uchawi.

Lakini usinisikie vibaya, kijana. Kama goti lako limevunjika katika mupira na limefungika kabisa, halinyooki, hiyo ni habari ingine, uende kwa munganga wa mifupa. Na kama goti la mutoto linavimba, ni moto, na ana homa, usingoje wiki: siku ileile mupeleke hospitali. Usaha ndani ya goti unaharibu upesi, na hapo kuosha kunaokoa.

Parseli haikuuzishwa. Muzee alionwa hapa kwetu, akapimwa, akaonyeshwa mazoezi ya mapaja na kuambiwa apunguze kilo. Maumivu hayakuisha yote. Kila asubuhi anakaa na kusimama kwenye kiti cha jikoni, bila kushika kitu, na wajukuu wanamuhesabia. Ananiambia wanamuibia: akifika kumi, wao wako kwenye saba.