Kijana Mwenye Futi ya Kamba: Mradi wa Mwisho wa Wanafunzi wa Ujenzi

Ukimwona kijana mwenye futi ya kamba, daftari na kipimajoto akizunguka darasa la shule ya mtaani kwenu, usidhani mara moja kwamba mkandarasi amefika. Huenda ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Anayesomea usanifu au uhandisi wa majengo hahitimu kabla ya kukamilisha mradi wa mwisho: anachagua jengo ambalo jamii inalihitaji, analichora, anapiga hesabu za nguzo, paa na maji, anakadiria gharama, kisha anautetea mradi wake mbele ya wahadhiri.

Hapa kwetu mradi huo unaanzia kwenye ploti, si kwenye kompyuta. Lodwar iko karibu na ikweta. Asubuhi jua hupiga ukuta wa mashariki, jioni wa magharibi, na adhuhuri linashukia paa lenyewe. Kwa hiyo kuta ndefu na madirisha makubwa vielekee kaskazini na kusini, na chini ya mabati kuwe na dari. Mwanafunzi apime joto ndani na nje, asubuhi, adhuhuri na alasiri, kwa siku kadhaa. Mradi usio na vipimo hivyo ungeweza kuwa wa Nyeri.

Mfano wa kutazama upo nyumbani. Kampasi ya Startup Lions, kando ya Ziwa Turkana, ilikamilika mwaka 2021. Msanifu wake, Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, aliiga vichuguu vya mchwa: hewa baridi huingia kupitia matundu ya chini, na hewa ya moto hupanda na kutokea kwenye minara mirefu.

Maji nayo yana hesabu yake. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka. Paa la mita 100 za mraba, basi, hupokea lita 20,000. Tuseme robo inapotea. Zinabaki lita 15,000. Lakini mvua yetu huja kwa kishindo, siku chache tu, kwa hiyo mifereji myembamba ya paa itamwaga mengi chini kabla tangi halijajaa.

Mvua hiyohiyo ndiyo inayotisha kando ya Kawalase na Turkwel, au Tarach kule Kakuma. Lagga kavu yaweza kufurika ingawa mahali ulipo hapajanyesha hata tone, kwa sababu imenyesha juu. Mwanafunzi akikuuliza maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko, mwonyeshe alama ukutani. Kimo cha msingi kitatokana na jibu lako, na ramani nyingi hazina habari hiyo. Kisima kikiwa na maji ya chumvi, mwambie pia: chumvi ndani ya zege hula nondo.

Kabla ya kupima, aje na barua ya chuo na aonane na mwalimu mkuu au chifu. Kambini Kakuma na katika makazi ya Kalobeyei aombe pia idhini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Wazazi nao wajiandae: nauli ya Lodwar hadi Kakuma, takriban kilomita 120, uchapishaji wa michoro na kadibodi za modeli huja pamoja, mara nyingi muhula ambao karo haijakwisha.

Jambo moja kamati za shule zilizingatie sana. Michoro ya mwanafunzi, hata akipata alama ya juu, si ya kumpa fundi aanze kuchimba msingi. Ni kazi ya masomo. Kabla ya kujenga, michoro ipitiwe na kutiwa sahihi na msanifu na mhandisi waliosajiliwa, kibali cha ujenzi kitolewe na kaunti, na mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Hata hivyo ombeni nakala. Vipimo vya joto na alama za mafuriko vilivyomo vitamfaa mtaalamu mtakayemwajiri.